Karavani ya 1971 na mbao za kijani: kisa cha uvujaji uliozibwa mara tatu

Shemeji yangu alinipigia simu mwishoni mwa mwezi wa nne kunipa habari njema kwamba wamenunua nyumba. Nikaenda kwao jioni ile ile, Columbus, Ohio, na pakiti ya tende mkononi kama mtu anayekwenda kupongeza, nikaoneshwa nyumba yenyewe nyuma ya gereji. Ilikuwa na magurudumu mawili. Karavani ya mwaka 1971, futi 16, yaani mita tano kasoro kidogo; nyeupe, na mstari wa manjano ubavuni. Dola 1,500 taslimu, kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anahamia kwa binti yake.

"Ina kasoro moja tu, shemeji," akaniambia. "Hili dirisha la mbele linavuja. Mwenyewe alishaliziba, naona limerudi tena. Nipakie silikoni, watoto wakifunga shule tuondoke."

Nikakaa kwenye kochi la mbele, nikabonyeza ukuta chini ya dirisha kwa kidole gumba. Kidole kikazama hadi fundo la kwanza, kama mtu anayebonyeza andazi lililokwisha chovywa kwenye chai.

Mimi ni seremala wa nyumba. Kabla ya hapo nilikulia Nungwi, ambako marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, na utoto wangu wote nilikuwa nampokeza nyundo na pamba. Kwenye karavani hii ujuzi wa mjomba ulinifaa kuliko wa kwangu. Wa kwangu, kama mtakavyoona, nusura unitie hasarani.

Kwanza muundo wake, maana bila huo kisa hakieleweki. Chini kuna chesisi ya chuma na ekseli moja. Juu yake sakafu ya plaiwudi. Kuta ni mifupa ya vijiti vya mbao laini, vyembamba kiasi kwamba ukikishika kimoja peke yake huamini kama kinabeba kitu, vimeunganishwa kwa pini za stepla. Ndani pamegongwa plaiwudi ya milimita tatu, katikati pana pamba ya kioo ya kuzuia baridi, na nje bati la alumini jembamba la mistari. Bati hilo halibebi uzito wowote. Ni koti la mvua tu. Bati la paa linapokutana na bati la ubavu, maungio hufunikwa kwa reli ya alumini iliyokazwa kwa skrubu, na chini ya reli kuna utepe wa puti. Puti ya zamani ile hukauka ikawa kama gome la mti, na ikishakauka, kila skrubu ya reli hugeuka mfereji mdogo wa kupeleka maji kwenye mbao.

Ziko karavani za jamii nyingine, zile za Airstream zinazong'aa kama sufuria mpya, ambazo ganda lake la alumini limepigwa ribiti likashikana na kujibeba lenyewe. Mwanzilishi wake, Wally Byam, mwaka 1959 aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapita Kenya na Ethiopia kwenye barabara ambazo wakati ule hata lori lilizipita kwa dua. Shemeji alikuwa ameisoma habari hiyo na kichwani mwake ameshafika Voi. Ikabidi nimwambie: hii ya kwako si ile. Hii ni sanduku la mbao lililovaa bati, na mbao ndizo zinazoumwa.

Kabla sijagusa kitu nilichukua mita ya unyevu, ile yenye sindano mbili za kuchoma kwenye mbao, na chaki. Nikapima ukuta wa mbele kila baada ya shubiri moja na kuandika namba pale pale ukutani. Mbao ikiwa chini ya asilimia 20, kuvu la kuozesha halina maisha. Ikipanda karibu na 30 ikakaa huko, linakula usiku na mchana. Chini ya dirisha nilipata 34, kama nilivyotarajia. Lakini upande wa kulia wa dirisha, juu kabisa penye kona ya dari, nilipata 31. Nikashuka shubiri kwa shubiri: 31, 33, 32, 34. Upande wa kushoto wa dirisha lile lile: 13, 14, 13.

Nikamwita shemeji na dada waje wautazame ukuta. Chaki ilikuwa imejichorea yenyewe mto, unaanzia kona ya juu kulia na kuishia chini kwenye kochi. Dirisha lingekuwa ndilo linalovuja, juu yake pangekuwa pakavu. Maji yalikuwa yanaingia darini, yanateremka na kijiti cha kona, yanafika chini ya dirisha ndipo yanapojionesha. Miaka yote hiyo dirisha lilikuwa linashtakiwa kwa kosa la jirani.

Wako mafundi wanaotafuta tundu kwa mpira wa maji, wakianzia chini na kupanda taratibu, dakika kumi kila hatua, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ni njia nzuri kwenye ukuta mkavu. Ukuta huu ulikuwa umeshalowa, kwa hiyo tuligeuza: tukaweka feni kwenye tundu la hewa la paa ipulize hewa ndani, tukafunga milango na madirisha na kuziba matundu mengine kwa plastiki, nikapanda ngazi na chupa ya maji ya sabuni. Hewa inayotafuta njia ya kutoka hupita pale pale maji yanapoingilia. Kwenye dirisha, kimya. Kwenye kona ya juu kulia, chini ya kitaa kidogo cha kuonesha upana wa tela, povu likaanza kutoka kama la mtu anayesukutua. Na kwenye reli, kiasi cha mita nzima, vipovu vidogo vidogo, kimoja kila penye skrubu.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulizibwa mara tatu na ukuta ukaja kujengwa vile vile. Nilipokwangua kuzunguka dirisha nilikuta tabaka la silikoni nyeupe, juu yake silikoni angavu, na juu ya zote mbili rangi nzito ya mpira ya kupakia mapaa. Mtu alikuwa anaona maji chini ya dirisha, anapanda ngazi, anaziba dirisha, mvua inanyesha, anarudia. Kibaya zaidi, fremu ya dirisha ina vitundu viwili vidogo upande wa chini, vya kuyatoa maji yanayoingia kwenye mfereji wake. Vilikuwa vimezibwa. Kwa hiyo dirisha ambalo halikuwa na kosa likaanza kuwa nalo: maji ya mvua yalijaa mferejini na, kwa kukosa pa kwenda nje, yakamwagikia ndani.

Mjomba alikuwa na ukali wa pekee kwa kijana aliyetaka kupaka deheni juu ya kalafati mbovu, yaani pamba ya kuzibia nafasi kati ya mbao za chombo. Deheni ile, chokaa na shahamu, inafanya chombo kipendeze; baharini siku ya tatu maji yamejaa ngama, kule chini kabisa ya chombo. Toa pamba ya zamani yote, alikuwa akisema, hata kama itakuchukua siku mbili. Kutoa silikoni ya dirisha moja kulinichukua siku mbili kamili. Hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni ya zamani, hata silikoni mpya haishiki, na ukibakisha utando usioonekana kwa macho kila utakachopaka baadaye kitabanduka.

Lakini silikoni ilikuwa madhambi madogo. Makubwa tuliyakuta siku ya kufungua plaiwudi ya ndani, chini ya kochi.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Nilibandua kipande cha plaiwudi, nikachomoa pamba iliyolowa, nikaona nyota. Sitanii. Bati la alumini lilikuwa limetoboka vitobo visivyohesabika, vidogo kama ncha ya sindano, na jua la nje lilikuwa linapenya. Vitobo havikutawanyika ovyo. Vilijipanga kwa mstari wa upana wa vidole vitatu, ulalo, na mstari mwingine wima. Bati likitoboka kwa mawe ya barabarani halijipangi namna ile. Nilipopapasa nikagundua kwamba mistari ile ni pale ambapo mbao zinaligusa bati. Na mbao zenyewe hazikuwa za mwaka 1971. Zilikuwa mpya, nene, ngumu, zimekazwa vizuri, na rangi yake ina ukijani.

Kwenye ncha ya ubao mmoja kilikuwa bado kimepigwa pini kile kibandiko cha plastiki cha kiwandani kinachoeleza dawa iliyotiwa. Ni mbao za dawa ya shaba.

Huku Marekani mbao za nje ya nyumba, za baraza na uzio, hutiwa dawa kwa mgandamizo ili zisioze wala zisiliwe na mchwa. Zamani dawa hiyo ilikuwa na arseniki ndani yake. Tangu mwanzo wa 2004 ile ya arseniki haitumiki tena kwenye mbao za majumbani, na zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Shaba na alumini ni wake wenza. Zikiwa kavu zinavumiliana. Ubao ukilowa, chembe za shaba hutoka na maji, zikitua juu ya alumini kila chembe inakuwa betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Haliwi bati zima kwa usawa. Linaliwa kitone kitone hadi kutokea upande wa pili.

Ukizipanga hatua zote, kisa kinakuwa hivi. Reli ya juu inavuja, kijiti cha kona kinaoza. Mzee anaona unyevu chini ya dirisha, anaziba dirisha. Anaziba tena. Mwishowe anafungua ukuta, anakuta mbao zimeoza chini, anazikata na kuweka mbao ambazo dukani zinauzwa kwa kusifiwa kwamba hazishindwi na maji, na kweli hazikuoza. Juu bado panavuja. Maji yanazilowesha mbao mpya, mbao mpya zinalitoboa bati, na sasa mvua inaingia chini pia, kwa vitobo mia. Ukarabati wa kwanza uliacha ugonjwa. Wa mwisho uliongeza mwingine ambao karavani haikuwa nao tangu izaliwe.

Simlaumu mzee yule. Ndani ya pikapu yangu siku ile nilikuwa na mbao nane za aina hiyo hiyo, nimezinunua asubuhi, kwa ajili ya ukuta huo huo. Seremala wa nyumba akisikia neno unyevu mkono unakwenda kwenye ubao wa kijani wenyewe. Nilirudi dukani jioni nikazirudisha.

Swali la kuitengeneza au kuipeleka chuma chakavu lilijibiwa na dada, kwa kuwa ndiye mwenye pesa. Aliuliza mambo mawili tu. "Kaka, chesisi yake nzima?" Nilikuwa nimeshaigonga kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma, kutu ya juu juu, hakuna palipolia kibovu. "Na sakafu?" Mbele imeoza eneo la mkeka mmoja wa kuswalia, kwingine kote 15 kushuka. Akasema tengeneza, ila huyu shemeji yako asiguse bomba la silikoni. Hesabu ya vifaa ilifika dola 2,900, na kazi yangu ililipwa kwa pilau ya kila Jumamosi, ambayo sitaitia bei.

Tulifungua kuanzia reli, tukavua bati la mbele vipande vitatu na kuvilaza kwenye nyasi kwa mpangilio wake. Kile cha chini, chenye nyota, kilitumika kama kiolezo cha kukatia bati jipya. Vijiti vilivyooza nilivikata hadi nilipofika mbao inayotoa vumbi jeupe kwenye msumeno, nikaunga vipya kwa kupunguza nusu kwa nusu, gundi na skrubu, jinsi mjomba alivyokuwa akiunga taruma, mbavu za chombo. Nilitumia msonobari mkavu usio na dawa. Dhidi ya kuvu niliupaka maji ya borati, dawa ya chumvi isiyo na shaba, nikauacha ukauke, kisha rangi ya msingi mikono miwili, kwa sababu borati ikilowa huoshwa na maji. Upande unaolala kwenye bati nikaongeza utepe, mbao na alumini visigusane kabisa.

Kwenye reli niliweka utepe wa butili badala ya puti. Butili haikauki, inabaki kama ulimbo. Unaipanga chini ya reli, unakaza skrubu hadi inatokeza kingoni, unaiacha jua la siku nzima, unakaza tena, ndipo unapunguza iliyotokeza kwa kisu cha plastiki. Na hapa nilikosea. Kazi ilikuwa imebaki mita moja, nimechoka, nikakaza kwa drili badala ya bisibisi. Reli ya alumini ni laini. Penye skrubu ilizama, katikati ya skrubu ikainuka kidogo, mawimbi ambayo kwa jicho huyaoni ila ukipitisha kidole unayasikia. Mvua kubwa ya mwezi wa sita ikaja. Kona ilikuwa imeshuka hadi 17. Asubuhi yake mita ikasoma 23. Nikafungua mita ile moja, nikainyoosha reli juu ya ubao kwa nyundo ya mpira, nikarudia kwa mkono. Kitaa cha kona nacho nilikitoa nje kabisa, maana kioo chake nilikibadilisha mapema lakini tundu la waya lililo nyuma yake nililiacha lilivyokuwa.

Mengine yalikwenda haraka. Tairi zilionekana mpya, kashata zimejaa, lakini namba nne za mwisho ubavuni zilisoma 0811: wiki ya nane ya 2011. Tairi ya tela huzeeka imekaa. Tukatupa zote mbili. Beringi zilioshwa na kutiwa grisi mpya. Breki za umeme zilikuwa na sumaku moja iliyokufa. Mitungi ya gesi ilikuwa na vali za zamani zisizo na kizuizi cha kujaza kupita kiasi, ambazo tangu 2002 vituo vya gesi haviruhusiwi kuzijaza, kwa hiyo mitungi mipya, regyuleta mpya, na king'ora cha gesi kikafungwa chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukusanyika chini. Uzito wa sehemu ya mbele inayokaa juu ya ndoano ya gari ulikuwa kilo 75 kati ya 1,150. Unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15, la sivyo tela huanza kutikisa mkia barabarani. Mzee alikuwa amehamishia betri na sanduku la vifaa nyuma, labda kuukimbia ule unyevu. Tulivirudisha mbele, tukapata 138.

Kwenye umeme nitasimama kidogo kwa sababu ungeweza kuua mtu. Rafiki wa shemeji, fundi umeme mwenye leseni, alikuja kufunga soketi ya karavani kwenye gereji. Aliitazama plagi, nene, meno matatu, ampia 30, akasema hii ni kama ya mashine ya kukaushia nguo, akaanza kuvuta volti 240. Plagi ya karavani ya ampia 30 ni ya volti 120, ingawa kwa umbo inamdanganya hata mjuzi, na kosa hilo linaunguza kila kitu kilichomo ndani kwa sekunde chache. Nilimzuia kwa kumwonesha maandishi madogo kwenye plagi yenyewe. Yeye naye akanilipa wema: alipofungua sanduku la swichi ndani ya karavani alikuta nyutro, waya wa kurudishia umeme, na ethi, waya wa kuupeleka ardhini, zimeunganishwa pamoja, kama inavyofanywa kwenye sanduku kuu la nyumba. Kwenye karavani haifai kabisa. Waya mmoja ukikatika mahali pabaya, bati lote la nje linakuwa na umeme, na mtoto aliyesimama pekupeku kwenye nyasi mbichi akishika mlango ndiye anayekuwa ethi. Alizitenganisha hapo hapo.

Waliondoka wiki ya pili ya mwezi wa saba, siyo siku ya kufunga shule, wakaenda kando ya Ziwa Erie siku nne. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja nilimwachia mita na kumpa kazi ya kupima mahali patano kila Jumapili. Anaandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Chini ya dirisha: 14, 13, 13, 12. Kushoto hapajabadilika. Kona ya juu kulia ilikuwa 13 hadi mwezi wa kumi, kisha baada ya siku tatu za mvua ya upepo akaandika 16, akaizungushia duara na kunipigia simu. Jumapili iliyofuata 14. Duara bado lipo, na butili nyingine ninayo kwenye pikapu.